Maji Meusi ya Mbalamwezi

"Na ziwa lenyewe, linayapeleka wapi?"

Niliulizwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, na sikuwa na jibu. Nilikuwa mjumbe mpya wa baraza la komini, yaani wilaya ndogo, ya Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, mwanamke peke yangu katika chumba cha wanaume, nina elimu ya chuo kikuu kichwani na viatu vya kuazima miguuni. Aliyeuliza hakuwa hata mjumbe. Alikuwa Mama Nahimana, mjane aliyetengeneza mawese kando ya kijito, na alisimama nje ya dirisha pamoja na watu wengine waliokuja kutuona tunavyoanza. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba maji machafu ya mashimo ya mawese yachimbiwe mtaro, yapite mbali na mahali wanapoteka wanawake, yaende moja kwa moja ziwani. Wajumbe walikuwa wameanza kukubali kwa vichwa. Ndipo akauliza.

Burugumesta, mkuu wa komini, alifunga kalamu yake na kuitia mfukoni, kama alivyofanya kila mara kabla ya kujibu jambo. "Mama, ziwa linapeleka Kongo. Kila kitu kinaisha Kongo."

Chumba kizima kilicheka, kwa kuwa nusu ya wajumbe walikuwa na babu waliotoka huko. Mama Nahimana naye alicheka, lakini macho yake yalibaki kwangu. Mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimepita mjini nikisema kila jambo lina sababu na kila sababu hutafutwa. Burugumesta akauliza nani mwingine ana neno kuhusu mtaro.

Ninyi mnaogombea leo mna vipaza sauti na fulana zenye picha. Mnaniuliza sisi tuliifanyaje kazi hii. Nitawaeleza, lakini lazima nianze na mwezi.

Rumonge ya wakati ule, miaka michache baada ya uhuru, iliishi kwa nyakati mbili. Kulikuwa na giza na kulikuwa na mbalamwezi. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata taa. Usiku usio na mwezi wavuvi walitoka na karabai, zile taa za mafuta za kupiga pampu, na lusenga, wavu wa mduara wenye mpini mrefu, wakachota samaki waliokusanyika chini ya mwanga. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, samaki hutawanyika. Basi mitumbwi hupandishwa ufukweni, na wanaume hubaki na mikono mitupu.

Mikono ndiyo ilikuwa mitupu, miguu ilikuwa na kazi. Juu kidogo ya mtaa wetu wa Waswahili palikuwa na mashimo ya mawese kando ya kijito. Chikichi huchemshwa, humwagwa katika shimo lililojengewa mawe, hutiwa maji ya moto kiasi, na wanaume huingia kukanyaga mpaka mafuta yapande juu. Wanawake huyakusanya kwa vibuyu na kuyachemsha tena. Kinachobaki shimoni ni maji meusi, mazito, yenye harufu ya kitu kilichochacha. Mlango wa shimo ulifunguliwa, yakaingia kijitoni. Wakanyagaji walikuwa wavuvi wale wale. Kwa hiyo mawese yetu yalitengenezwa wakati wa mbalamwezi, na wakati wa giza mashimo yalilala.

Mwenye mitumbwi mingi na mashimo mengi alikuwa mtu mmoja, baba mdogo wangu Ramazani. Watu walimtania: "Mzee, giza yako, mbalamwezi yako, sisi utuachie mawingu." Alipenda utani huo. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka mbali, na tangu uhuru alikuwa mjumbe wa komini kwa niaba ya mtaa wetu.

Kulikuwa pia na ugonjwa wa mbalamwezi. Jina hilo halikutoka hospitali, lilikuwa la mtaa. Kila mwezi ulipojaa, watoto wadogo waliharisha, wengine hadi macho yakazama. Wazazi waliwafunika wasiangazwe na mwezi, wakawafunga hirizi, wakawazuia kukaa uani. Nilikua nikifunikwa hivyo mimi mwenyewe. Nilipotoka chuo kikuu Bujumbura, ambako nilisoma elimu ya viumbe miaka mitatu kabla ya kukosa njia ya kuendelea, nilimkuta Tausi, binti wa dada yangu Mwamini, amelala kifuani kwa mama yake kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Ni mwezi," Mwamini aliniambia.

"Mwezi uko wapi na tumbo liko wapi?"

"Wewe ulisoma. Mimi niko na mutoto."

Tausi alipona. Mtoto wa jirani wa ukuta mmoja hakupona. Nilisimama kwenye mazishi nikimsikia imamu akituombea subira, na kichwani mwangu nilikuwa nauliza swali moja: mwezi uleule unawaka Gatete, kijiji jirani, mbona Gatete hawana ugonjwa wa mbalamwezi?

Nilitembea hadi Gatete kuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa akilima muhogo aliniambia, "Mwezi wetu iko na adabu." Nikaona ameniambia kweli kuliko alivyodhani. Tofauti haikuwa mwezi. Gatete wakati ule hawakuwa na mashimo juu ya maji yao.

Hapo nikaunganisha mambo kwa haraka ya kijana. Mwezi unajaa, wavuvi hawavui, wavuvi wanakanyaga, maji meusi yanaingia kijitoni, watoto wanaugua. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nilikwenda kwa baba mdogo nikamweleza yote, nikitarajia aseme ahsante.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaita wakanyagaji wake waliokuwa wakipumzika. "Njoni musikie. Madamazeli anasema miguu yenu inaua batoto."

"Miguu yangu?" mmoja akasema, akainua mguu wake mwekundu kwa mafuta. "Huu mguu haujaua hata mende."

"Ulisoma kitabu cha miguu?" mwingine akauliza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonitia katika siasa. Uchaguzi wa komini ulikuwa umetangazwa. Nilikwenda kwa karani kuuliza kama mwanamke anaweza kugombea. Alitafuta katika sheria kwa muda, akakuna kichwa, akasema hakuna mahali panapokataza. Sheria haikumkataza mwanamke, ilikuwa imemsahau tu. Nikaandikwa.

Kugombea kulikuwa hivi. Kila mgombea alipewa rangi ya karatasi, kwa kuwa wengi hawakusoma. Mpiga kura aliingia nyuma ya pazia, akachagua rangi, akaitia kwenye bahasha. Baba mdogo alipata kijani. Mimi nilikuwa wa mwisho kuandikwa nikapewa iliyobaki, ya kahawia, na mtaani ikaitwa karatasi ya kufungia sukari. Hatukuwa na mikutano mikubwa. Mgombea alifuata watu walipo: wanawake wakianika ndagala mchangani, wazee barazani baada ya sala ya alasiri, harusini kama alialikwa. Kanuni ambayo hakuna aliyeniambia, nikaigundua mwenyewe, ni kwamba hupewi nafasi ya kusema mpaka umeshika kazi iliyopo. Nilianika ndagala nyingi sana katika kampeni ile.

Kwa Mama Nahimana nilichochea moto. Yeye hakuwa na mashimo mengi, alikuwa na shimo moja, la mwisho kwenda chini, lililokaribia kabisa mahali tulipoteka. Alitoka milimani alipoolewa, akamzika mumewe Rumonge, akabaki. Aliongea Kirundi na wanawe na Kiswahili na chungu chake.

"Wanasema unataka kufunga mashimo," alisema.

"Nataka maji meusi yasiingie kijitoni."

"Ego, ndiyo. Na shimo langu lisipofunguka, nitayanywa?" Akakoroga. "Mwana wanje," akaniita, yaani mwanangu, "mimi siko na mitumbwi. Ramazani ukimfungia mbalamwezi, atakula giza. Mimi nitakula nini?"

Nilisukuma kuni ndani, nikaanza kuelewa kwamba nagombea kwa ajili ya watu wawili waliokuwa na shida mbili. Mwamini alihitaji kijito na Mama Nahimana alihitaji shimo. Kama ningeshindwa kumpa mmojawapo, sikuona sababu ya kuchaguliwa.

Jambo lililonisumbua zaidi lilitoka kwake. Alikunywa maji ya kijito kile kila siku, mbalamwezi na giza, na wajukuu wake pia, na hawakuwa na ugonjwa. Mtu asiyetaka kusumbuka angesema wameyazoea. Mimi nilisumbuka. Mwezi ulipojaa tena, niliamka asubuhi nikawafuata wanawake wa mtaa wetu wakienda kuteka, nikiwa nimebeba mtungi wangu kama wengine.

Hawakuteka kijitoni. Mwamini alifika ukingoni, akanusa, akatema mate, akapinda kushoto. Wote wakapinda. Walishuka hadi dimbwi lililokuwa nyuma ya matete, maji yaliyosimama, ambako ng'ombe walipelekwa kunywa jioni. Maji yale yalionekana safi. Hayakuwa na rangi wala harufu. Wanawake waliyachuja kwa kitambaa wakajaza mitungi.

"Siku zote mnateka hapa?" nikauliza.

"Hapana. Kijito kikinuka tu," Mwamini akajibu, akishangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Mimi sikulijua kwa kuwa tangu utoto nilikuwa shule za bweni.

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu hadi wakaniuliza kama nina homa. Nusu ya nilichokuwa nikikisema mtaani kilikuwa si kweli. Maji meusi hayakuwa yakiwaumiza watoto. Yalikuwa yakiwafukuza mama zao kutoka kwenye maji mazuri kwenda kwenye maji mabaya. Mama Nahimana hakuwa akichukia harufu ile, ilikuwa harufu ya kazi yake, kwa hiyo hakupinda kushoto.

Jioni ile nilikwenda barazani nikasema hivyo mbele ya wazee. Nilisema: nilisema miguu, nilikosea nusu. Ni dimbwi.

Baba mdogo alikuwepo. Hakuyaacha maneno hayo yapite. "Jana miguu, leo dimbwi. Kesho itakuwa jua?"

"Kesho nikikosea tena, baba mdogo, nitakuja kusema hapahapa."

"Na ukiwa mjumbe utakosea mara ngapi?"

"Mara zote ambazo wewe ulikosea bila kusema."

Wazee walijipiga mapaja. Baba mdogo akacheka pia, akaniambia nimerithi mdomo wa bibi yangu. Lakini nilijua maneno hayatoshi. Nilimwomba Mwamini na majirani, mbalamwezi ifuatayo, wasipinde kushoto. Wapande juu ya mashimo, kwenye chemchemi yenyewe, ingawa ni mbali na mlima una mteremko wa kuvunja mgongo. Walinung'unika, wakapanda. Niliwabebea mitungi nilivyoweza. Watoto wa nyumba zile hawakuugua. Nyumba nyingine ziliugua kama kawaida. Habari ilikwenda bila mimi kuisukuma, na kabla mwezi haujaanza kupungua nilimwona mke wa baba mdogo akipanda mteremko na mtungi, ameufunika kwa khanga asitambulike.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema.

"Marahaba. Hujaniona," akasema, akaendelea kupanda.

Siku ya kura ilikuwa wakati wa giza, na hilo nusura linimalize. Komini ilipanga siku bila kutazama mwezi. Wavuvi walirudi asubuhi wamechoka, wakalala. Wanawake walikuwa na ndagala wabichi wa kuanika kabla jua halijawa kali. Foleni ilikuwa ya wafanyabiashara na watu wa mashamba. Nilisimama mbali, kama tulivyoagizwa, nikikisia kijani kinapata watu na mimi nakosa. Kisha ndagala walipokwisha kuanikwa, wanawake walikuja wote pamoja kutoka mchangani, mikono inang'aa kwa magamba. Msimamizi aliwaambia waoshe mikono wasichafue bahasha. Mmoja akamjibu, "Bwana, ukitaka ndagala usichukie harufu." Walipita na mikono yao hivyohivyo. Baadaye karani aliniambia kwamba walipohesabu kura, hawakuhitaji kutazama rangi. Bahasha zangu zilijulikana kwa harufu.

Baba mdogo alipata kiti. Mimi nilipata cha mwisho.

Ndivyo nilivyofika katika chumba kile, siku ile ya swali. Neno konseye tulilitumia kwa baraza na kwa mjumbe wake pia, kwa hiyo mtu aliweza kusema konseye amekwenda konseye. Kazi yetu ilikuwa kumshauri burugumesta kuhusu barabara, soko, shule, maji na kazi za pamoja. Burugumesta wetu alikuwa mwalimu wa zamani. Alisikiliza kila mtu kama mwanafunzi atakayepewa alama. Kanuni yake ya kwanza aliniambia mlangoni: "Madamu konseye, hapa usilete shida. Leta shida na njia yake. Shida peke yake nazo mimi nyumbani."

Njia niliyoleta ilikuwa mtaro. Uzuri wake ulikuwa kwamba haukufunga shimo la mtu. Mashimo yangefungukia upande wa pili, kwenye mtaro, na mtaro ungezunguka mtaa hadi ziwani. Mwamini angepata kijito, Mama Nahimana angebaki na shimo. Nililala na mchoro ule kichwani siku nyingi na sikuona kasoro.

Baada ya kicheko cha Kongo, aliyesimama kupinga alikuwa baba mdogo. Alisema wachimbaji watatoka wapi. Nikasema ni wavuvi, wakati wa mbalamwezi. Akasema wakati wa mbalamwezi wako mashimoni kwake. Burugumesta akatoa kalamu mfukoni, akaifungua.

"Ramazani, mke wako anateka wapi maji siku hizi?"

Baba mdogo akatazama dari. "Chemchemi," akasema.

"Ule mteremko wote?"

"Ule mteremko wote. Na anarudi amekasirika."

"Basi tuchimbe, mzee, upate amani ya nyumba."

Tulichimba mbalamwezi mbili. Baba mdogo alikuja na watu wake wote na akasimamia kana kwamba wazo lilikuwa lake, na mimi nikajifunza kanuni ya pili ya kazi hii, kwamba jambo likishakubaliwa mwache mpinzani alimiliki. Mama Nahimana alifungua shimo lake kwa mara ya kwanza upande wa mtaro, akatazama maji meusi yakiondoka kama mtu anayesindikiza mgeni. Akaniita.

"Kijito ni kizuri sasa. Urakoze, ahsante." Kisha, bila ukali, "Lakini hukunijibu."

"Nitatafuta."

"Utafute. Mimi napenda kujua vitu vyangu viko wapi."

Nilitafuta. Nilimuuliza burugumesta peke yake, akasema kweli hajui, Kongo ilikuwa ya kuwachekesha wajumbe. Nilimuuliza padri mmoja wa Kizungu aliyependa ramani, akanionyesha kwa kidole mto Lukuga, upande wa pili, unaotoka ziwani kwenda kwenye mto mkubwa wa Kongo. Kwa hiyo utani ulikuwa na ukweli. Nilimpelekea Mama Nahimana jibu hilo nikiwa nimefurahi. Alilitafuna.

"Mto mkubwa?"

"Padri anasema unatosha."

"Na mito yote inayoingia huku kwetu, na ya kule kusini Kabonga, na ya Tanzania, na ya Kongo yenyewe, yote inatokea mlango huo mmoja?" Akatikisa kichwa. "Nyumba yenye wageni wengi hivyo na mlango mmoja, ningeiogopa."

Nikamwambia nitatafuta tena.

Kisha ufalme ukaondoka, ikaja jamhuri, na tukaambiwa konseye hazikutani tena. Mwalimu wetu aliondoka na kalamu yake. Badala yake alikuja adiministrata, aliyeletwa kutoka juu, asiyechaguliwa na mtu. Alinibakiza kama ajenti wa usafi, kazi ya kukagua soko, vyoo na visima, kwa sababu aliambiwa najua maji. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Wewe ndiye wa maswali?" aliniuliza.

"Ndiyo, bwana adiministrata."

"Uliza maji. Watu usiulize."

Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Kila mbalamwezi nilitembea mtaro kutoka juu hadi chini na koleo begani, nikitoa matope. Nilifika hata Nyanza-Lac kuonyesha wengine jinsi ya kuchimba wao. Tausi alikua, akaanza shule, na neno ugonjwa wa mbalamwezi likaanza kuwa la kuwatisha watoto tu. Ikiwa nina jambo moja la kujivunia katika maisha ya kazi, ni neno lile lililokosa kazi.

Mwaka wa sabini na mbili, masika yakielekea mwisho, yakaja mauaji; wale wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, na ninyi mmeelezwa vipande. Nitasema nilichokiona. Walikuja kwanza watu wenye mapanga, kisha wakaja wanajeshi, na kila kundi lilimwuliza mtu swali moja, wewe ni nani, yaani wewe ni wa kabila gani, likiwa tayari lina jibu lake. Ilikuwa mbalamwezi. Kwa sababu hiyo mitumbwi ilikuwa ufukweni. Ingekuwa giza, ingekuwa katikati ya ziwa, na nisingekuwa naandika haya.

Baba mdogo Ramazani alisimama ndani ya maji hadi kiunoni, akipandisha watu. Hakuuliza mtu ni nani. Alipandisha wakanyagaji wake, alipandisha watu wa milimani ambao hakuwahi kuwaona, alimpandisha Mwamini na Tausi. Sauti yake ya kuita mitumbwi ilikuwa imeisha, alifanya kwa mikono. Mimi nilikimbia mashimoni kumchukua Mama Nahimana. Wajukuu wake nilikwisha kuwatuma mbele.

Alikuwa anachochea. Chungu kilikuwa kinachemka, mafuta yakiwa yameanza kuwa wazi.

"Tuondoke, mama. Mitumbwi inajaa."

"Nikiyaacha hapa yataungua. Wajukuu wako salama?"

"Wako kwa Ramazani."

"Basi nenda nao. Nitaepua, nitakuja na mtumbwi mwingine." Akanisukuma bega, mkono wake wa moto. "Nenda, mwana wanje. Amahoro, uende kwa amani."

Tulifika Kigoma. Mitumbwi mingine ilifika baada yetu, na mingine baada ya hiyo. Nilisimama ufukweni kila mtumbwi ulipofika, wajukuu wawili wa Mama Nahimana wakiwa wameshika nguo yangu, na yeye hakuwemo. Baba mdogo alirudi Rumonge mara moja kuchukua wengine. Aliwafikisha Kigoma. Alikwenda mara ya pili, na hakurudi.

Nilifanya kazi ya maji upande wa Tanzania maisha yangu yote yaliyobaki, katika makazi ya wakimbizi kwanza, baadaye wilayani. Mkuu wangu wa pale, bwana maji kama walivyomwita, alikuwa mtu mpole aliyefundisha kwa kurudia. "Zuhura, bomba usiliulize linatoa wapi tu. Liulize linamwaga wapi." Alidhani ananifundisha jambo jipya. Nikaenda uani nikalia, nikarudi nikanawa uso, tukaendelea kupima shimo.

Nilistaafu huko. Nilirudi Rumonge nikiwa mzee, wakati watu waliporuhusiwa kurudi. Kijito kipo. Mtaro wetu umejengewa nyumba, ila ukijua pa kutazama unaona ardhi imeinama kidogo, na majani hapo ni ya kijani zaidi. Mawese siku hizi hukamuliwa kwa mashine, mbalamwezi na giza, haijali. Vijana wa mtaa huja kuniuliza kuhusu kugombea, na mimi huwaambia kanuni zangu mbili tatu, na huwaambia pia kwamba mpiga kura mgumu kuliko wote ni yule anayekubali ulichofanya kisha akauliza kinachofuata. Msimkimbie huyo. Mimi nilimpata mmoja, na sijui hata kama alinipigia kura.

Tausi ana binti aliyesomea mambo ya ziwa. Alikuja likizo moja, tukakaa mchangani kunakoanikwa ndagala, nikamsimulia kuhusu mtaro na kuhusu dirisha la komini. Nilimuuliza swali lile la dirishani kama tunavyouliza mambo ya kale, bila kutazamia jibu. Yeye akajibu mara moja, kama mtoto anayesoma herufi.

Lukuga ni mlango mdogo, alisema, na kuna nyakati za zamani uliwahi kuziba kabisa. Maji ya Tanganyika, sehemu kubwa, hayaendi Kongo. Yanapanda na jua kama mvuke. Maji peke yake ndiyo yanayopanda. Kila kilichoingia nayo kinabaki humu ziwani.